Nyumba ya Puge na Fedha Zilizopita Njiani

Ndugu msomaji, mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia simu usiku kutoka Puge. Alinisalimia harakaharaka, kama mtu anayeogopa salio kumwishia, kisha akasema: "Kaka, benki wamekubali. Imebaki sahihi yako tu."

Benki imekubali kumkopesha shilingi milioni 20 ili ajenge fremu sita za maduka mbele ya nyumba aliyotuachia baba. Dhamana ya mkopo ni nyumba hiyohiyo. Kiwanja chake kina hati, jambo ambalo nyumba nyingi za vijijini hazina, na mimi ndiye msimamizi wa mirathi. Bila mkono wangu karatasi hazisogei. Na ndani ya nyumba hiyo anaishi mama yetu mwenye umri wa miaka 74.

Kwa asiyeijua Puge, ni kata ya wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, karibu katikati ya barabara ya kutoka Nzega kwenda Tabora mjini. Barabara hiyo ilipojengwa kwa lami katika muongo wa 2010, kazi iligawanywa mafungu mawili na mpaka wake ukawekwa Puge: kilometa 56 kwenda Tabora, na 58 na ushei kwenda Nzega. Tangu hapo kila mwenye kiwanja kando ya lami amekuwa akiota fremu. Mdogo wangu naye ameota, na sioni kosa lake.

Nilimwomba wiki mbili. Sikumwomba kwa sababu simwamini. Familia yetu ina kidonda cha zamani kuhusu nyumba, akiba na thamani ya shilingi, nami nitakieleza hapo mbele. Lakini kabla ya kidonda chetu ipo historia ya nchi yenyewe. Watu wa Unyamwezi wamejenga kando ya njia kwa vizazi vingi wakitarajia faida, na kila kizazi kimekutana na fedha ya aina yake. Nimezitumia wiki zile mbili kuzipitia fedha hizo moja baada ya nyingine, na leo nakuletea niliyoyaona.

Tuanze na fedha ambayo haikuwa sarafu. Waingereza Burton na Speke walipofika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, walikuta Waarabu wa Unguja na Omani wameshajenga matembe makubwa yenye nyua na maghala. Mwaka uliofuata Speke alielekea kaskazini kutoka Kaze, na mwezi Agosti akaliona ziwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza. Katika safari zote hizo fedha ilikuwa nguo, shanga na masango. Merikani na kaniki zilipimwa kwa mkono: mikono minne shuka, mikono minane doti. Shanga zilikuwa na matatizo yake, kwani aina iliyopendwa katika nchi moja ilikataliwa katika nchi ya pili. Msafiri aliyebeba shanga zilizopitwa na wakati alikuwa maskini mwenye mizigo.

Matembe yale ya Kaze yalijengwa kwa mali ya nani? Hapa ndipo penye somo la kwanza. Wafanyabiashara wengi wa bara hawakuja na mtaji wao wenyewe. Walikopeshwa bidhaa Unguja na matajiri wa Kihindi, kama nyumba ya biashara ya Jairam Sewji na baadaye Taria Topan, kwa ahadi ya kulipa pembe za ndovu. Hata Hamed bin Muhammed, yule tunayemwita Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora, alikwenda bara kwa mali ya Taria Topan. Kwa hiyo tembe la Tabora lilisimama juu ya mkopo wa Unguja, na mkopo wa Unguja ulisimama juu ya bei ya pembe na usalama wa njia. Mirambo alipoifunga njia ya kwenda Ujiji katika vita vyake na Waarabu wa Tabora vilivyoanza mwaka 1871, deni la Unguja halikusubiri. Nyumba ilikuwa palepale, ila biashara iliyoilisha ilikuwa imesimama.

Baadaye njia yenyewe ikahama. Reli ya Uganda kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa Nyanza mwezi Desemba 1901, na bidhaa nyingi za kanda ya ziwa zilizokuwa zikipita kwa mabega ya wapagazi zikaanza kwenda pwani kwa behewa. Tabora ikapoa mpaka Wajerumani walipoifikisha reli yao mwaka 1912. Jengo haliwezi kufungasha virago na kuifuata njia mpya. Mwenye merikani angeweza kuipakia na kwenda nayo kwingine, lakini mwenye tembe alibaki na tembe.

Fedha ya pili ilikuwa rupia. Kampuni ya Kijerumani ilianza kutoa rupia na pesa zake mwaka 1890, na mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikachukua yenyewe kazi hiyo, ikaondoa pesa 64 kwa rupia na kuweka heller 100. Lakini iliyobadilisha maana ya nyumba ilikuwa kodi ya nyumba, iliyotangazwa mwaka 1897. Kijijini kiwango kilikuwa rupia 3 kwa kibanda kimoja. Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Hadi hapo nyumba ya Mnyamwezi ilikuwa ya miti, udongo na nyasi, na haikumgharimu sarafu yoyote. Sasa kila mwaka nyumba ilidai fedha, na fedha haikuota shambani. Ilibidi mtu auze mazao, auze nta au ng'ombe, au aende kibarua pwani na kwenye mashamba ya katani. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu walijibana ndani ya vibanda vichache ili kupunguza kodi. Ukitaka kuona jinsi mambo ya fedha yanavyoweza kuamua idadi ya vyumba mtu anavyojenga, usiende mbali. Ilitokea hapa.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na kwa muda mfupi Tabora ikawa mahali fedha inapotengenezwa. Waingereza walikuwa wamefunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani haziji, na wananchi walioona mbali walikuwa wamezificha rupia za fedha. Serikali ya Kijerumani ikachapisha noti za muda hapahapa nchini. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, zikapigwa sarafu za shaba za heller 5 na 20, mabaki ya maganda ya mizinga yakiwemo, na pia sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Dhahabu yake ilitoka machimbo ya Sekenke. Hizo za tembo zilikuwa 16,198 tu, na leo zinatafutwa na wakusanyaji wa sarafu duniani kote.

Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Mwenye sarafu ya dhahabu alikuwa na dhahabu, awe nani mtawala. Aliyelipwa kwa noti ya muda alibaki na ahadi ya serikali iliyokimbia. Mwenye ng'ombe naye hakusalimika, kwani majeshi yalihitaji nyama. Nyumba ndiyo isiyobebeka, nayo ikabaki. Lakini si kwa kila mtu: baada ya vita mali za Wajerumani, mashamba na majengo yao, zilichukuliwa kama mali ya adui na kuuzwa. Hilo ni somo la pili. Nyumba huweza kumlinda mtu dhidi ya noti mbovu, lakini haimlindi dhidi ya aliyeshika dola.

Somo la tatu linatoka kwa majirani zetu wa Kenya, nalo linahusu watu ambao kwa kawaida hatuwaonei huruma. Walowezi wa kizungu walikuwa wamekopa kwa rupia na kuweka mashamba yao rehani. Kwa miaka mingi rupia moja ilikuwa sawa na shilingi 1 na peni 4 za Uingereza. Bei ya madini ya fedha ilipopanda baada ya vita, thamani ya rupia ikapanda nayo, na mwaka 1920 serikali ikaamua kuifunga kwenye shilingi 2. Halafu mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, na kila rupia ya deni ikageuzwa shilingi mbili. Mlowezi aliyeuza kahawa au katani yake London kwa fedha ya Uingereza aliamka na kukuta deni lake limeongezeka kwa nusu, na hakuwa amekopa hata senti moja zaidi. Benki iliyomkopesha ilifurahi, mkopaji alilia. Maamuzi ya watu wachache mezani, wasioijua hata sura ya shamba lake, yalikuwa yamebadilisha umiliki wa shamba hilo kwa vitendo.

Shilingi ile ilisimamiwa na Bodi ya Sarafu iliyokaa London, na ilikuwa imara kwa sababu ilifungwa kwenye paundi. Lakini uimara huo haukumfaa sana mtu wa Puge. Tanganyika ilikuwa na sheria, ile ya mwaka 1931, iliyosema deni ambalo Mwafrika amekopeshwa na asiye Mwafrika halidaiwi mahakamani bila kibali cha serikali. Ilielezwa kuwa ni kumkinga Mwafrika asinyonywe. Matokeo yake ni kwamba hakuna aliyetaka kumkopesha. Katika Tabora mjini nyumba za mawe na maduka ya ghorofa zilijengwa na wengine. Babu yangu alikuwa na fedha imara mfukoni, ila chache, na asingeweza kukopa hata ya mlango. Alijenga tembe lake kwa mikono yake na jamaa zake, akapanda miembe. Tembe halipo tena. Lilibaki nyuma tulipohamishiwa kijijini wakati wa Operesheni Vijiji katikati ya miaka ya 1970. Miembe ipo mpaka leo.

Tukapata uhuru wetu, na Benki Kuu yetu ikafunguliwa tarehe 14 Juni 1966 ikatoa shilingi ya Tanzania. Mwezi Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Mabenki yakawa ya umma, na miiko ya uongozi ikamkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwezi Aprili 1971 ikapitishwa sheria ya kutwaa majengo: jengo lenye thamani inayozidi shilingi 100,000 ambalo mwenyewe hakuishi ndani yake liliweza kuchukuliwa, na Msajili wa Majumba akawa mwenye nyumba mpya. Majengo yaliyozidi umri wa miaka kumi hayakuwa na fidia. Wengi waliopoteza walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, na katika miji kama Tabora mitaa mizima ya maduka ilibadili mwenye nyumba.

Wapo waliosema wakati ule, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba ilikuwa haki, kwa sababu kodi za pango zilikuwa zinamnyonya mfanyakazi. Sitaki kulifunga jambo hilo hapa. Ninachotaka uone ni namna watu walivyojifunza. Aliyekuwa na uwezo wa kujenga nyumba ya kupangisha aliona ni salama zaidi kujenga ndogo, kujenga polepole, au kutojenga kabisa na kuweka akiba. Na hapo ndipo historia inapoingia nyumbani kwetu.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 1980 aliuza ng'ombe sita ili aezeke nyumba ya bati 50. Bati hazikupatikana. Vita vya Kagera vilikuwa vimetuachia hazina tupu, fedha za kigeni hakuna, na bati zilitoka kwa kibali. Baba alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Aliomba kibali, na fedha za ng'ombe akaziweka katika chombo kimoja cha fedha mjini, akiba yenye riba, akisubiri. Alisubiri miaka sita.

Katika miaka ile mfumuko wa bei ulikuwa karibu asilimia 30 kwa mwaka. Bei zikipanda kwa kasi hiyo, kitu cha shilingi 100 baada ya miaka sita kinauzwa karibu 480. Riba ya akiba ilipangwa na serikali na ilikuwa chini sana ya kasi hiyo. Dola moja ya Marekani iliyokuwa karibu shilingi 8 mwaka 1980 ilifika karibu 50 mwishoni mwa 1986, baada ya nchi kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na karibu 200 mwishoni mwa 1990. Bati ilitegemea malighafi ya kutoka nje, hivyo ilikimbia pamoja na dola. Mwaka 1986 bati zilipoonekana madukani, baba alikwenda mjini na kitabu chake cha akiba. Fedha iliyokuwa ya bati 50 ilitosha bati 14.

Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka aliporudi. Alizishusha zile bati 14 kutoka kwenye lori, akaziegemeza kwenye mwembe, akakaa. Mama alimletea maji, hakunywa. Hakuna aliyemwibia, ndugu msomaji. Kitabu chake kilikuwa sahihi mpaka senti ya mwisho.

Baba mdogo yeye hakuwahi kuingia benki. Kila msimu wa pamba na karanga alinunua bati moja au mbili kwa njia anazozijua mwenyewe, akazilaza chini ya kitanda. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, alizifukia chini ya maganda ya karanga akakosa usingizi kwa wiki kadhaa. Lakini mwaka 1987 alikuwa na bati 40, akajenga vyumba vinne, viwili akapangisha kwa walimu. Katika familia ikawa methali: baba aliamini karatasi, baba mdogo aliamini bati.

Kama hadithi ingeishia hapo, ningekwambia nunua bati, jenga, sahau benki. Haiishii hapo. Mwaka 1996 baba mdogo aliugua akahitaji fedha nyingi kwa haraka. Alitangaza kuuza nyumba. Puge ya wakati ule, kabla ya lami, haikuwa na mnunuzi wa nyumba ya vyumba vinne. Walikuja watu wawili wakataja bei ya mbuzi. Mwishowe akapanda mwenyewe juu, akaezua vyumba viwili, akauza bati. Hilo ni somo la nne: nyumba hutunza thamani, lakini huitunza kwa kuifungia ndani. Siku unapoihitaji, ufunguo unaweza kuwa haupo.

Na kulikuwa na mtu wa tatu katika miaka ile, ambaye watu hawamsemi sana: aliyekopa. Tulikuwa na Benki ya Nyumba, iliyoanza kazi mwaka 1973. Aliyebahatika kupata mkopo wake mwanzoni mwa miaka ya 1980 alilipa kwa riba iliyokuwa chini ya mfumuko wa bei. Deni lake liliyeyuka kama barafu juani, mshahara na kodi ya pango vikipanda, deni likibaki na tarakimu zilezile. Nyumba nyingi zinazosifiwa leo kuwa ni za mtu mwenye akili ya biashara zilijengwa hivyo. Lakini fedha haiyeyuki bila mtu kulowa. Aliyelowa ni mwenye akiba, kama baba, na benki yenyewe, ambayo ilikopesha shilingi nzito ikarudishiwa nyepesi, na kwa wengine haikurudishiwa kabisa. Mwaka 1995 Benki ya Nyumba ikafungwa. Kwa miaka mingi baada ya hapo Mtanzania wa kawaida hakuwa na mahali pa kupata mkopo wa muda mrefu wa kujenga.

Sasa tufike kwenye fremu za mdogo wangu. Aliniambia: "Kaka, matajiri wote wamekopa." Ni kweli, lakini walikopa katika fedha ya namna gani?

Tangu Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 1995 kazi ya kwanza ya benki hiyo ni kutuliza bei. Mwezi Januari 2024 ilianza kutumia kile kinachoitwa Riba ya Benki Kuu, ikaanza na asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 mwezi Aprili mwaka huohuo, na mwezi Julai 2025 ikashushwa hadi 5.75. Riba hiyo huongoza bei ambayo mabenki yanakopeshana yenyewe kwa yenyewe. Na bei za bidhaa kweli zimetulia: katika mwaka 2024 na 2025 mfumuko wa bei ulikuwa kama asilimia 3. Kama baba angeuza ng'ombe wake katika miaka hii, angenunua karibu bati zote 50.

Lakini asilimia 5.75 si riba ya mtu wa Puge. Benki inapomkopesha mwananchi huongeza gharama zake, hofu ya kutolipwa na faida. Mikopo ya nyumba imekuwa kati ya asilimia 15 na 19, na mdogo wangu alipewa 16 kwa miaka mitano. Toa 3 za mfumuko wa bei, inabaki 13. Hilo ndilo deni halisi. Katika miaka ya 1980 wakati ulimlipia mkopaji sehemu ya deni. Leo kila shilingi atailipa mwenyewe, na karibu kwa uzito uleule aliokopa nao. Utulivu wa bei ambao ungemwokoa baba ndio unaoweza kumwangusha mwanawe.

Tulikaa na kalamu, mimi huku na yeye kule, simu ikiwa wazi. Milioni 20 kwa asilimia 16, miezi 60, ni marejesho ya karibu shilingi 486,000 kila mwezi. Jumla yake ni zaidi ya milioni 29. Fremu Puge tulizikadiria 40,000 kwa mwezi. Fremu sita zote zikiwa na wapangaji tangu siku ya kwanza, hakuna anayehama na hakuna anayechelewesha, ni 240,000. Nusu ya rejesho. Nusu nyingine ingetoka wapi? Kwenye mpunga, mwaka ambao mvua imenyesha vizuri. Na mwaka ambao haikunyesha, ingetoka kwenye chumba anacholala mama.

Mwenye jumba Masaki, Dar es Salaam, ana hesabu nyingine. Kwa miaka mingi wapo waliotoza kodi ya pango kwa dola, hivyo shilingi iliposhuka wao walikuwa juu ya kichuguu. Mwezi Machi 2025 zikatangazwa kanuni za kukataza bei za bidhaa na huduma ndani ya nchi kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, na sasa nao wanajifunza kuishi na shilingi kama sisi. Puge hakuna aliyewahi kupangisha fremu kwa dola.

Nilimwambia mdogo wangu sitatia sahihi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa na jibu lake: "Kaka, lami haitanisubiri. Wenye fedha wa mjini wananunua viwanja huku kila wiki. Nikijenga kwa bati moja moja kama baba mdogo, nitakapomaliza biashara itakuwa yao." Ana haki. Na hapa nasema na wakubwa wanaohusika: kutuliza bei ni kazi njema na tunaishukuru, lakini utulivu ambao matunda yake yanaishia kwenye riba ya asilimia 16 unamwacha mtu wa kijijini palepale alipokuwa babu yangu, mwenye fedha imara asiyeweza kukopa. Mwaka 2010 iliundwa kampuni ya kuyapatia mabenki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo ya nyumba. Ni hatua. Lakini mikopo hiyo bado ni ya wachache wenye mishahara na hati za mjini.

Tuliyokubaliana ni haya. Fremu mbili badala ya sita. Matofali tutafyatua wenyewe, bati tutachanga mimi na yeye, na pengo litakalobaki ndilo atakalokopa, kiasi ambacho pango la fremu mbili hizo linaweza kulilipa lenyewe ndani ya mwaka na nusu. Nyumba ya mama haiingii kwenye karatasi yoyote. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi tumeamua harusi iwe ndogo.

Mdogo wangu bado ana kinyongo kidogo, nami namwelewa. Juma lililopita nilifika Puge. Msingi umechimbwa. Mama alikuwa amekaa barazani akiyatazama malori yanayopita kwenye lami. Nilimweleza hesabu yote, riba, mfumuko wa bei, miezi 60. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha pembe ya paa juu ya chumba chake, mahali ambapo bati zimeiva kutu kuliko pengine pote.

"Zile ni za baba yako," alisema. "Hesabu, zipo kumi na nne."

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.